Sauti ya Mvita ilifika baharini, FM je?

Wazee wa Mombasa bado huitaja Sauti ya Mvita, stesheni ya Pwani ya miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Mwaka 1964 serikali huru ilitaifisha utangazaji ukawa Sauti ya Kenya, na maamuzi yakahamia Nairobi.

Enzi hizo redio ilikuwa AM. Mawimbi ya masafa ya kati huambaa juu ya uso wa dunia, na maji ya chumvi huyapitisha vizuri kuliko nchi kavu. Usiku anga huyarudisha chini, yakafika mbali zaidi, ingawa kwa mikwaruzo. FM ina sauti safi, lakini mnara ukishazama nyuma ya upeo wa macho, redio hunyamaza.

Leo mjini FM ni tele. Lakini mvuvi wa Kizingitini aliyevuka miamba wakati wa kusi anahitaji ilani ya hali ya bahari, na simu haimfai akiwa mbali na minara. Viongozi wetu wanaohubiri uchumi wa buluu nawauliza: mtambo wa AM wa kuihudumia bahari uko wapi katika bajeti zenu? Umeme wake ni ghali, kweli. Roho ya mja ni ghali zaidi.