Lugha ya Kuiamuru Kompyuta na Mtoto wa Mbinga

Twaomba radhi safari hii kuligusa jambo ambalo baadhi ya wanachuo huliona ni la wahandisi tu: lugha zinazotumika kuiamuru kompyuta, jinsi zinavyoundwa, na huko ziendako. Twaligusa kwa sababu mwalimu atakayepangwa shule ya msingi katika milima ya Mbinga, au Liuli na Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, huenda ndiye atakayemfikishia mtoto neno la kwanza la lugha hizo. Neno hilo likifika vibaya, si rahisi kulirekebisha baadaye.

Tulipata kuingia darasa moja ambamo maneno "if", "else" na "repeat" yalikuwa yameandikwa ubaoni, nao watoto wakiyaimba kwa sauti moja pamoja na tafsiri zake. Kompyuta haikuwapo, jambo ambalo hatumlaumu mtu. Tulichosikitikia ni kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa nafasi ya kutoa amri na kuiona ikitekelezwa. Mtoto yule nyumbani husema Kimatengo, au Kimanda, au Kinyasa; shuleni amepata Kiswahili; Kiingereza ndiyo kwanza anaanza kukionja. Kumfundisha lugha ya nne kwa maneno ya ile ya tatu ambayo hajaimudu ni kumtwisha mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja.

Yafaa ijulikane kwamba lugha hizi si lugha ya mashine. Mashine yenyewe hutambua hali mbili tu, ambazo sisi huziandika 0 na 1. Lugha za programu zilibuniwa na watu ili watu waweze kuziandika na kuzisoma, kisha programu maalumu huifasiria mashine. Kwa hiyo kila lugha imebeba alama ya wale iliowakusudia. FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, iliwakusudia wanasayansi, nayo yafanana na kanuni za hesabu. COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, iliwakusudia watu wa ofisi na biashara, ndiyo maana imejaa Kiingereza cha kawaida. BASIC ilitungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata mwanafunzi asiye wa sayansi aweze kuitumia kompyuta.

Mwaka 1967 ikaja Logo, nayo iliwakusudia watoto. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, ndio walioianzisha, na baadaye mtoto akapewa kobe wa kumwamuru: nenda mbele, geuka kulia. Mtoto aliyeshindwa kujua kobe ataelekea wapi alishauriwa asimame atembee yeye mwenyewe kama kobe. Twadhani hapo ndipo ualimu ulipoingia katika uundaji wa lugha hizi, na wanachuo wangenufaika zaidi kwa kuisoma Logo kuliko kwa kukariri majina ya sehemu za kompyuta.

Je, ni lazima maneno ya amri yawe ya Kiingereza? Sivyo. Waliounda ALGOL 68 waliacha nafasi maneno yake yabadilishwe kwa lugha nyingine, na Warusi wakayabadilisha. Scratch, iliyotolewa kwa watoto na chuo cha MIT mwaka 2007, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Hedy, iliyoanzishwa Uholanzi na Felienne Hermans mwaka 2020, humfundisha mtoto sarufi ya amri hatua kwa hatua, kama sisi tufundishavyo kusoma, na maneno yake huandikwa kwa lugha nyingi. Hapa kwetu, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi njema, lakini ilihusu maneno ya kusomwa kwenye kioo. Lugha ya kuamuru ni jambo jingine.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wanaodhani kazi itakwisha kwa kutafsiri neno kwa neno. Chukua neno "if". Wengi watakimbilia "kama". Lakini "kama" yetu ina kazi mbili, ya sharti na ya mfano, na lugha ya amri haipendi neno lenye nyuso mbili. Afadhali "ikiwa". Tena Kiswahili huliweka sharti ndani ya kitenzi chenyewe, kwa -ki-: mvua ikinyesha, anua dagaa. Lugha ya programu iliyoundwa na Mswahili tangu mwanzo ingeweza kujengwa juu ya silabi hiyo. Kwa nini isiwe hivyo siku moja?

Tazama pia ngeli. Mtoto akisikia "kitabu hiki vimeanguka" hucheka mara moja, kwa kuwa anajua bila kuambiwa kwamba vitu vina aina, na kila aina ina viambishi vyake. Lugha za programu nazo zina aina: namba haziwezi kutendwa kila linalotendwa kwa maneno. Pascal, ambayo Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 akiwafikiria wanafunzi, hukagua upatanisho huo kabla ya kazi kuanza. Python, ya mwaka 1991, hungoja mpaka kosa litokee kazini. Jambo ambalo mwanafunzi wa kigeni huliona gumu, mtoto wetu amekwisha kulinyonya kwa mama, maana Kimatengo nacho kina ngeli.

Wapo wasemao kwamba mabishano haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa akili mnemba huandika programu kwa kuambiwa maneno ya kawaida tu. Ni kweli huandika. Lakini mwambie mtu, "Mwite mtoto wa mwalimu aliyekuja jana." Aliyekuja ni nani, mtoto au mwalimu? Maneno ya kawaida yana mianya ya namna hii, nasi huiziba kwa kufahamiana. Palipo na mishahara au dawa, hatuna budi kuwa na lugha isiyo na mwanya, na mtu awezaye kuisoma akaona kosa.

Basi tulijaribu somo lifuatalo, pasipo umeme. Huko Mbinga tulitumia ngoro, kilimo cha Wamatengo katika miteremko mikali. Majani hukatwa, huachwa yakauke, hupangwa kwa mistari inayokatizana hadi yafanye miraba; kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani pande zote nne, na maharage hupandwa juu ya matuta. Mtoto mmoja alikuwa mashine, wengine wakaandika amri. "Chimba udongo, weka pembeni." Mashine ikauweka wote upande mmoja. Wakasahihisha. Kisha wakaandika, "Rudia mara kumi." Mashine ikachimba shimo lile lile mara kumi, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isogee kwenye mraba wa pili. Kosa hilo hilo huwapata watu wazima wenye shahada. (Wengine walitanguliza "tafadhali" katika kila amri, hatukuwakataza, adabu ni adabu.)

Kando ya ziwa hawana ngoro, wana dagaa. Huko "rudia mara kumi" haifai. Yapasa kusema "geuza dagaa mpaka wakauke", na mashine ijue kuangalia kila mara kama wamekauka. Watoto waliliona hilo upesi kuliko tulivyotazamia. Mmoja akauliza: na mvua ikinyesha kabla hawajakauka, sentensi hiyo iandikwe wapi, ndani ya marudio au nje yake? Darasa likagawanyika pande mbili, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyetoka.