CD Orijino Haijulikani kwa Kung'aa

Kila nikiposti kuhusu zilizopendwa, DM zinajaa picha za CD. Mtu ameigeuza upande wa chini, ameipiga picha karibu na taa, halafu anauliza swali moja tu: "Hii ni orijino ama ni feki?" Wengine wamezitoa kwa droo ya mzazi. Wengine wameziona zikiuzwa mtandaoni kwa bei ya kutoa jasho.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio tusizungushane. Kwa muziki wa Kenya, kung'aa kwa CD ni ushahidi mdogo sana. Cha kwanza kuangalia ni majina. Nani ameandikwa pale, na je, kuna mtu anaweza kuulizwa?

Najua wengi mlitaka mbinu ya sekunde mbili. Ipo, na tuipe haki yake kwanza.

CD ya kiwandani hupigwa chapa. Nyimbo zinaingia kwa plastiki kama vishimo vidogo sana, halafu inapakwa alumini, ndio maana upande wa chini ni rangi ya fedha tupu. CD iliyochomwa kwa kompyuta ni kitu tofauti. Ina tabaka la rangi ambalo leza ndiyo huandika juu yake, kwa hivyo ukiigeuza mara nyingi unaona kijani, buluu ama zambarau. Ukiinamisha ya kiwandani kwa mwanga, karibu na tundu la katikati utaona nambari za toleo. Tangu 1994 viwanda vingi vimekuwa vikiweka pia msimbo wa IFPI, lile shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Ni herufi ndogo mno: IFPI, kisha herufi na nambari zinazoonyesha kiwanda.

Sasa hapo ndipo watu husimama, na hapo ndipo mimi huanza. Jiulize, msimbo huo uliletwa kwa nini? Uliletwa kwa sababu maharamia nao walikuwa wanapiga CD zao kiwandani, safi, zinang'aa kama kioo. Ilibidi itafutwe njia ya kujua kiwanda gani kilitoa nini. Yaani hata wenye kampuni walijua CD inaweza kung'aa na bado iwe ya wizi.

Na kinyume chake pia ni kweli. *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1993, kabla msimbo huo haujaanza. Ukiipata nakala ya mwaka huo haina IFPI, usikimbilie kuitupa kwa pipa.

Hiyo ni kwa CD zilizotoka nje. Lete mbinu hiyo hapa nyumbani uone vile inavyoanguka.

Chukua mwimbaji wa injili wa mashinani. Amerekodi nyimbo 8 kwa studio ndogo, amelipa kwa shida. Kiwanda cha CD kinataka oda ya mamia ya nakala kwa mpigo, na yeye pesa hana. Anafanya nini? Ananunua CD tupu, anachoma 50, anachapisha kava kwa saiba, halafu Jumapili anasimama nje ya kanisa na begi lake. Chini ni zambarau. Kava wino umefifia. Na hilo ndilo toleo rasmi. Hakuna lingine popote duniani. Ukitumia mbinu ya sekunde mbili, huyo mama umemwita mwizi wa nyimbo zake mwenyewe.

Kuna na hii tabia ya kusema "hiyo ni ya River Road" tukimaanisha feki. Feki zimeuzwa pale, sikatai. Lakini River Road hiyo hiyo ndiyo ilikuwa na maduka na ofisi za maprodyusa waliotoa benga, muziki wa Gĩkũyũ na wa Kikamba kihalali kwa miaka mingi. Anwani ya River Road kwa kava inaweza kuwa ndiyo dalili bora zaidi unayo. Mtu aliandika mlango wake hapo.

Kwa hivyo mimi huangalia nini? Hizi tano, kwa huu mpangilio.

Moja, hesabu. CD ya kawaida ya muziki inabeba dakika 74 hadi 80. Kama kava inasema "Nyimbo 150 Moto Moto", hiyo ni CD ya MP3. Mle ndani kuna bendi kumi za kampuni tofauti, na kila mwenye haki angepaswa kutoa ruhusa. Mikusanyiko halali ipo, lakini hiyo hutaja kila wimbo, nani aliimba na rekodi ni ya nani. Mchanganyiko wa DJ wa stejini haujawahi kujisumbua hivyo. Mimi nazipenda mix za mathree kama wewe, lakini mix si toleo la msanii.

Mbili, majina. Tafuta mtunzi, prodyusa, studio, mwaka. Tafuta ile P ndani ya duara, ambayo hutaja mwenye haki ya rekodi, na ile C ndani ya duara, ambayo mara nyingi hutaja mwenye haki ya kava na maandishi yake. Tafuta nambari ya simu, hata kama ni ya zamani haiingii. Haramia hutoa hivi vitu kwa makusudi, kwa sababu jina ni mahali pa kushikwa. Yule mama wa injili, hata kama kava yake ni ya saiba, ataandika jina lake, la mtunzi na simu ya kumwalika. Anataka apatikane. Hapo ndipo tofauti iko.

Tatu, stika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ndiyo ilituletea KECOBO, Bodi ya Hakimiliki, na ile stika ya kung'aa ya kuzuia uharamia. Ukiiona kwa kava, ni dalili nzuri. Lakini usiifanye hakimu. Stika inaweza kubanduliwa huku ikabandikwa kule, na CD za kabla ya stika kuanza kutumika haziwezi kuwa nayo. Ikiwepo, endelea kuangalia. Ikikosekana, pia endelea kuangalia.

Nne, kava. Kava ya kunakili ni picha ya picha. Maandishi madogo yana ukungu, kingo zimekatwa katikati ya neno, na wakati mwingine jina la msanii limekosewa. Msanii anaweza kuwa na kava mbaya. Lakini ni nadra akosee jina lake.

Tano, masikio. Wimbo unaanza katikati, unakatwa kabla ya gitaa la mwisho, ama DJ anajitaja juu ya sauti ya mwimbaji. Ukisikia jina la stesheni ya redio ndani ya "albamu", kesi imeisha.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Lakini CD ikifeli hesabu na ikose majina, mimi sihitaji kuigeuza chini.

Sasa najua swali linalokuja. "Buda, nani bado ananunua CD 2020-na-kitu? Si kila kitu kiko YouTube na Boomplay?"

Si kila kitu. Na hata kilichoko, jiulize kilifikaje huko. Tafuta zilizopendwa usiku wa leo. Utapata video ya saa mbili, picha moja ya machweo, kichwa "Best Old Is Gold Luo Mix", na hakuna mtunzi hata mmoja. Aliyeiweka aliitoa wapi? Mara nyingi ni kwa CD ya finje iliyonakiliwa kutoka kwa kanda iliyonakiliwa. Haramia alifuta majina miaka hiyo, na sisi tumebeba ule ufutaji hadi kwa mtandao. Unakuta wimbo wa bendi hii umepewa bendi ile, na watu elfu wanabishana kwa sababu hakuna kava ya kuamua.

Ndio maana hii CD orijino kwa droo ya mzazi wako ina maana. Muziki wenyewe unaweza kupatikana kwingine. Ile karatasi ya ndani ndiyo haipatikani.

Mnataka kujua jina kwa kava lina uzito gani? Rudi kwa Ayub Ogada. "Kothbiro" ilirekodiwa na Black Savage, bendi ya Nairobi, miaka ya 70. Ogada akairudia kwa *En Mana Kuoyo*. Mwaka 2005 ikasikika kwa filamu *The Constant Gardener*. Halafu 2018 Kanye West akachukua kipande cha rekodi ya Black Savage akaweka kwa "Yikes", na kwa orodha ya watunzi wa wimbo huo yakaandikwa majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Ogada alifariki mwaka uliofuata. Fikiria wimbo huo ungefika huko kupitia CD ya "Nyimbo 150" isiyo na jina. Nani angeandikwa? Jina halikuhakikishii malipo, sisemi hivyo. Lakini bila jina hata mlango wa kubisha huna.

Na kuna wasanii wangapi wetu ambao rekodi zao zinapigwa saa hii, kwa matangazo, kwa vilabu, kwa video za watu kama mimi, na hakuna anayejua wajukuu wao wako wapi?

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, na hunipa kazi kila wakati. Watu wanasema feki ndizo zilibeba muziki. Mtu wa kibarua hakuwa na pesa ya CD orijino, duka lenyewe lilikuwa mjini, na haramia alimletea benga hadi sokoni kwa finje. Bila yeye nyimbo zingine zingekufa. Kuna ukweli hapo, na siwezi kumhukumu mamangu wala mama yako kwa kununua alichoweza.

Lakini haramia hakuwa anafanya kazi ya makavazi. EMI, CBS na PolyGram zote ziliwahi kuwa na biashara Nairobi, na kati ya sababu zinazotajwa za kampuni kubwa kuondoka ni kanda zilizonakiliwa kiholela. Yaani aliyetuletea nyimbo za jana kwa bei rahisi alisaidia kufunga studio ambazo zingerekodi za kesho. Na hata tukimsamehe bei, kuandika jina la mtunzi kwa kava kungemgharimu nini? Wino. Hakutaka kwa sababu jina lingemuumbua. Wizi wa pesa ni mbaya, lakini pesa inaweza kulipwa baadaye. Jina likishafutwa na wote waliolijua wakazikwa, hiyo hakuna anayeweza kulipa.

Kwa hivyo, fam, kabla unitumie picha ya upande wa chini, fanya hivi. Fungua kasha, toa ile karatasi, piga picha kila ukurasa, hata ile shukrani ndefu kwa askofu na shangazi. Hifadhi hizo picha kwa flashi na kwa simu. Ukiweka wimbo popote, weka majina nao. Ukiuza, onyesha kava ya nyuma na useme wazi kama ni ya kuchomwa. Na ukikutana na msanii nje ya kanisa akiuza kutoka kwa begi, nunua, usiigeuze kuangalia rangi. Mwenye jina amesimama mbele yako.