Kupe, Mto na Mwalimu wa Sayansi

Wanachuo wetu wengi huamini kwamba mtaalamu hutengenezwa ng'ambo, kisha akarudi nyumbani akiwa amekamilika. Hatukubaliani nao, na mfano wetu unatoka kwa jirani: Wangari Maathai wa Kenya.

Mama huyo alikwenda Marekani mwaka 1960, akapata shahada ya biolojia mwaka 1964 na ya uzamili huko Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kufanya utafiti katika vyuo vikuu vya Giessen na Munich. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunuku shahada ya udaktari kwa kazi ya hadubini juu ya viungo vya uzazi vya ng'ombe. Hadi hapo hapakuwa na habari ya mti hata mmoja.

Habari ya miti ililetwa na kupe. Alipokuwa akiwakusanya nje ya Nairobi ili kuchunguza ndigana kali, ugonjwa unaofahamika vema kwa wafugaji wetu wa Mbeya, aliona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda, mbavu nje, kwa kukosa majani. Akatambua kwamba uharibifu wa ardhi uliwatisha mifugo hao kuliko kupe. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Je, ng'ambo haikumfaa? Ilimfaa sana, maana ilimzoeza kutazama kwa subira. Lakini asingefika popote kama angejiambia kwamba mto si somo lake.

Hapo ndipo tunapowalaumu wanachuo, na kabla yao sisi wakufunzi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimsikia mtoto wa darasa la tano akiuliza kwa nini maji ya mfereji huwa mekundu baada ya mvua. Mwanachuo alijibu: "Hilo ni la Jiografia, subiri kipindi chake." Andalio lake lilikuwa safi, nasi tukampa alama nzuri. Tulikosea.

Maji yale yangetiwa katika chupa, yakaachwa yatuame, tope likapimwa kwa rula. Kisha darasa likapanda mtelemko kutafuta shamba lilikotoka. Muhula ujao, atakayefundisha hivyo hapa Iyunga atukaribishe. Tutamkagua huko huko mferejini.