Walimu wa Wavuti, Acheni Kuwafundisha Watoto Majedwali!

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nina jambo limenikera na lazima nilitoe.

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yangu hapa Mtongwe alikuja na laptopu yake ya mtumba. Amemaliza kidato cha nne na anamtengenezea mama yake ukurasa wa biashara ya mahamri na mbaazi: jina, bei, picha nne na namba ya kuagizia. Basi.

"Kaka, mimi hii kompyuta naona siiwezi," akaniambia.

Nikatazama. Mafunzo aliyoyapata yalimwambia apange kila kitu kwa jedwali la HTML, jedwali ndani ya jedwali, upana pikseli 900. Kwenye laptopu ulipendeza. Kwenye simu, bei zilitoroka nje ya kioo. Na wateja wa mama yake wote wako kwenye simu!

Jamani, mtoto huyu hana tatizo. Tatizo ni aliyemfundisha.

Jedwali ni la data: ratiba, matokeo ya mechi, orodha ya bei. Miaka ya 1990 watu walipangia kurasa kwa majedwali kwa sababu hawakuwa na chombo kingine. CSS ya kwanza ilipitishwa Desemba 1996, lakini vivinjari vya wakati ule viliielewa nusunusu. Baadaye wakahamia float, ambayo kazi yake halisi ni kuacha maandishi yazunguke picha, wakailazimisha kubeba safu za ukurasa mzima. Siwalaumu, asiye na ngalawa huvuka kwa gogo. Lakini tangu Machi 2017 Chrome, Firefox na Safari zote zina grid. Wewe unayefundisha leo, gogo la nini?

Kuna wengine watasema, "Mpe Bootstrap, atapata kazi haraka." Hoja hii ina uzito, ofisi nyingi bado zinaitumia. Lakini faili lake la CSS lina zaidi ya kilobaiti 200 kabla ya kubanwa, na ukurasa wa mahamri una mistari 40! Isitoshe, mwanafunzi anakariri majina ya klasi bila kujua yanafanya nini. Siku kitu kikiharibika, hajui pa kuanzia. Bootstrap aje nayo baadaye, akishajua CSS.

Na mtakaoniambia barua pepe za matangazo bado zinatumia majedwali: kweli, kwa sababu Outlook ya Windows kuanzia toleo la 2007 ilichora barua kwa injini ya Word. Hiyo ni kazi nyingine. Anayeanza haandiki barua za matangazo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu:

1. Usipange chochote kwanza. Andika vichwa, aya na picha kwa mfuatano wa kusomwa. HTML tupu inajikunja yenyewe kwenye simu, mradi umeweka mstari wa meta viewport.
2. Ukitaka vitu vikae mstari mmoja, kama viungo vya menyu, tumia display: flex.
3. Ukitaka safu na mistari, tumia grid.

Sisi tulifuta majedwali yote isipokuwa la bei, kila picha tukaiweka ndani ya div yake kwa upana wa asilimia 100, tukaandika hivi:

.picha {
  display: grid;
  grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(150px, 1fr));
  gap: 1rem;
}

Kwenye simu picha zinakaa mbilimbili, kwenye laptopu nne kwa mstari. Kivinjari cha zamani kisichojua grid kinapuuza mistari hiyo, na picha zinashuka moja chini ya nyingine. Hakuna kinachopotea.

Mama yake akaufungua kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Bei ya mbaazi umekosea."

Binti akacheka, akairekebisha mwenyewe. Wiki hii ameniuliza JavaScript inaanzia wapi. Tungemwacha na yale majedwali, angekuwa ameshaiuza ile laptopu.

Unabisha? Karibu, lakini fungua ukurasa wako kwenye simu kwanza.