Kivuli si Anasa



Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 18, kinatusimulia kuwa Abrahamu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa joto la mchana alipowaona wageni watatu. Hakuwauliza wametoka wapi. Aliagiza maji ya kunawa miguu, akawapumzisha chini ya mti, kisha akawaandalia chakula. Maji na kivuli ndivyo vilivyotangulia. Kwa watu wa Kasulu na Kibondo, simulizi hilo limepata uzito mpya.

Nyanda zetu ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Ndiyo maana aliyepanda kutoka Kigoma mjini aliupokea upepo wa Buha kama zawadi. Kwa sababu hiyo pia, nyumba zetu na desturi zetu za kazi hazikuandaliwa kwa joto kali. Kiangazi kinapozidi, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashika, tunakutwa hatuna kinga.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, ukizidi kwa takriban digrii moja na nusu hali ilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda. Mwezi Machi mwaka huo, Sudan Kusini ililazimika kufunga shule kwa sababu ya joto. Bara letu lote linachangia sehemu ndogo mno ya hewa chafu inayoleta madhara hayo. Mkulima wa Kibondo asiye na gari wala kiwanda analipa deni ambalo hakulikopa. Hilo ni suala la haki, na hayati Papa Fransisko alilifundisha wazi katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015: kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Hata hivyo, si kila sababu iko ng'ambo. Kabla ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, Waha wengi waliishi katika makazi yaliyotawanyika, nyumba za nyasi zikizungukwa na migomba. Vijiji vilituletea huduma, lakini familia nyingi ziliacha migomba yao nyuma. Baadaye bati likachukua nafasi ya nyasi. Bati ni maendeleo, maana halivuji wala halishiki moto upesi. Lakini bati lisilo na dari, juu ya kiwanja kisicho na mti, hugeuza chumba kuwa tanuri. Tumekata miti kwa kuchoma matofali, kukausha tumbaku na kupata mkaa, nasi tumepanda michache mno.

Basi, tufanye nini? Nyumbani, tufunge madirisha ya upande wa jua wakati wa mchana na kuyafungua usiku, mahali palipo na usalama na vyandarua. Dari ya mikeka au ya matete hupunguza sana joto la bati. Maji ya kunywa yachemshwe na kuhifadhiwa katika mtungi wa udongo uliofunikwa. Wazee wapewe maji hata kama hawajaomba, kwa kuwa kiu yao huchelewa. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji.

Mtu akichanganyikiwa, akianguka au akishikwa na degedege juani, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na akimbizwe zahanati. Asinyweshwe kitu akiwa amezimia. Tena tuwe waangalifu: mkoa wetu una malaria nyingi. Mtoto mwenye homa asiachwe nyumbani kwa kusema kuwa ni joto tu. Apimwe siku hiyohiyo.

Bustanini, tumwagilie alfajiri au jioni, kwani maji ya adhuhuri hupotea hewani. Tutandaze majani makavu ya migomba kuzunguka mimea, tukiacha nafasi kidogo karibu na shina lisioze. Matandazo hayo huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na mwishowe huwa mbolea. Anayeyachoma anachoma maji yake mwenyewe. Vitalu vya mboga na vya kahawa vijengewe vichanja vya nyasi, na kila kaya ipande walau mparachichi au mwembe upande wa machweo, ambako jua la alasiri huipiga nyumba.

Lakini Tume ya Haki na Amani haiwezi kuishia kwenye matandazo. Kuna jirani asiye na ukuta wala kiwanja cha kupanda mti. Tangu mwaka 1996 Nyarugusu imewapokea ndugu waliokimbia vita vya Kongo; mwaka 2015 maelfu ya Warundi wakawasili, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Aliyekaa chini ya turubai saa nane mchana anajua maana ya joto kuliko mwandishi yeyote. Kuni zimeleta ugomvi kati ya wenyeji na wageni, na wanaoumia zaidi ni wanawake na wasichana, ambao wengine hupigwa na kudhalilishwa porini. Msitu uliokwisha ni hasara ya pande zote mbili. Haurudishwi kwa fimbo, bali kwa miche na mapatano.

Vilevile kuna vibarua wanaolima mashamba yetu tangu asubuhi hadi jioni. Wapo waajiri ambao siku ya malipo ikifika humtisha kibarua kwa kuwa hana kibali, ili aondoke mikono mitupu. Hiyo ni dhuluma inayomlilia Mungu. Wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo sura ya 20, walinung'unika juu ya joto la mchana. Hata hivyo kila mmoja alilipwa dinari yake jioni ileile. Anayemwajiri mtu ampe maji, amruhusu apumzike adhuhuri, na amlipe ujira wake wote.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Jumuiya ndogondogo za Kikristo ziorodheshe wazee, wagonjwa na wajane wanaoishi peke yao, zikagawane zamu za kuwachotea maji. Kamati za shule na serikali za vijiji zidai dari katika madarasa, na kila kiwanja cha umma kipandwe miti mara mvua zinapoanza. Parokia na vigango vianze na viwanja vyao wenyewe, kabla ya kuwahubiria wengine.

Mti uliompa Abrahamu kivuli ulitosha pia kwa wageni wake. Tupande yenye kutosha hivyo. Mungu awabariki.