Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya hutamkwa mara nyingi katika nchi yetu, na kwa haki, maana sisi ni watu wa kukaribisha wageni. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye hatuna budi kumtazama kwa makini kabla ya kumfungulia mlango. Huyo ni mgeni ajaye na bunduki begani na leseni mkononi, aliyevuka bahari ili kumwinda ndovu, nyati, simba na chui. Hatusemi kwamba mgeni huyu ni mwovu. Leseni yake ni halali, na fedha yake ni fedha kama ya mtu mwingine yeyote. Swali letu ni jingine: je, mwenyeji amepona?

Swali hili huwa zito zaidi mgeni huyo anapopelekwa mahali papya, yaani mahali ambapo mlio wa bunduki yake haukuwa ukisikika. Ofisini, mahali papya ni mstari uliochorwa juu ya ramani na kupewa jina la kitalu cha uwindaji. Katika ramani hiyo haonekani mama achotaye maji, wala mtoto achungaye mbuzi, wala mzee alalaye juu ya dungu kulinda mahindi yake. Lakini watu hao wapo, nao walikuwapo kabla ya ramani.

Tutazame mambo yaliyotokea Enduimet, katika wilaya ya Longido, upande wa magharibi wa mlima Kilimanjaro. Hapo vijiji vilitenga sehemu ya ardhi yao, vikaunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi tu, iko hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, ambako ndovu wamechunguzwa mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo, tangu mwaka 1972. Ndovu hao hawajui mpaka. Leo wako Kenya, kesho wako Tanzania, wakifuata maji, majani na kivuli cha migunga. Mwaka 1994 ndovu dume kadhaa wa Amboseli waliuawa na wawindaji upande wetu. Kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata yakapatikana mapatano ya mdomo kwamba ndovu wasiwindwe katika ukanda ule. Mapatano hayo yaliheshimiwa kwa muda wa karibu miaka 30. Kisha, kuanzia Septemba 2023 na kuingia mwaka 2024, ndovu dume wasiopungua watano waliuawa hapo kwa leseni, na miongoni mwao walikuwamo wenye pembe kubwa mno, ambao Afrika nzima imebakiwa nao wachache.

Kelele zikazuka upya. Wenzetu wa Kenya wakasema ndovu wao wameuawa. Huku kwetu wakajibu wengine kwamba sheria ya Tanzania inaruhusu kuwinda ndovu, na ya kwamba mnyama akivuka mpaka yu chini ya sheria ya nchi aliyomo. Kwa sheria, jibu hilo ni sahihi. Walakini sauti zilizosikika sana katika ugomvi huo zilikuwa za watu wa mbali: wataalamu, wafanyabiashara ya uwindaji, na watetezi wa wanyama wa Ulaya na Marekani. Sauti iliyosikika kwa shida ilikuwa ya mwanakijiji wa Longido, ambaye ndiye jirani wa ndovu huyo siku zote za mwaka. Ndovu akila mahindi, ni mahindi yake. Ndovu akivunja bomba la maji, ni maji yake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani, alitoa amri ya kulinda wanyama wa porini, akaweka leseni za kuwinda na kutenga maeneo mawili ya hifadhi: moja huko Rufiji, na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Kwa amri za namna hiyo, mwenyeji aliyewinda kwa ajili ya kitoweo na kulinda shamba aligeuzwa mhalifu, na mgeni mwenye leseni akawa bwana wa pori. Waingereza walipoitwaa nchi waliendelea katika njia ile ile. Mwaka 1922 pori kubwa la kusini lilipewa jina la mwindaji wao, Frederick Courteney Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Jina lenyewe lilitangaza kwamba pori ni mali ya mwindaji. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa hifadhi ya taifa na kuitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Jina limebadilika. Yafaa desturi nayo ibadilike.

Kuna makundi mawili yanayoshindana juu ya jambo hili, nasi tunaona kwamba yote mawili yanakosea.

Kundi la kwanza lasema: pigeni marufuku uwindaji wote, na wanyama watapona. Wenzetu wa Kenya walifanya hivyo mwaka 1977. Je, wanyama walipona? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyama wakubwa wa porini katika nyanda za malisho za Kenya walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule wa 1977. Hawakuuawa na wageni wenye leseni, maana wageni hao hawakuwapo tena. Waliondolewa na mashamba, nyua, mifugo na mitego. Kwa maneno mengine, waliondolewa na majirani ambao hawakuona sababu ya kuwavumilia.

Kundi la pili lasema: fungueni vitalu, fedha za wawindaji zitalinda pori. Haya, tutazame pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa vitalu vya uwindaji. Mwaka 1976 ndovu wa huko walihesabiwa wakapita 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Leseni zilikuwapo, kambi za wawindaji zilikuwapo, na fedha zililipwa. Majangili waliwamaliza ndovu hao palipo na vitalu, na majangili hawawezi kufanya kazi kubwa namna hiyo bila mtu wa kuwaonyesha njia, kuwauzia unga na kunyamaza wanapopita.

Basi ni dhahiri kwamba mnyama haponi kwa marufuku peke yake, wala haponi kwa bunduki ya mgeni peke yake. Hupona jirani yake akitaka apone, naye jirani hatataka kwa kuhubiriwa. Atataka akiona faida iliyo sawa na hasara aliyoivumilia.

Na hasara yenyewe si ndogo. Wasomaji wetu wa mijini wamezoea kumwona simba katika picha. Mkulima wa Rufiji na Lindi anamjua kwa namna nyingine. Wataalamu waliochapisha hesabu zao mwaka 2005 walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na wengi wa watu hao walikuwa wa wilaya za kusini. Sababu waliyoitaja yapasa kueleweka. Nguruwe mwitu huingia mashambani usiku wakati wa mavuno. Mkulima hana budi kulala shambani, katika dungu au kibanda cha makuti, ili awafukuze. Simba naye humfuata nguruwe, na akimkosa nguruwe humkuta mtu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji alihesabiwa kuwa ameua watu wapatao 35, hata askari wa wanyamapori walipomwua mwezi Aprili 2004 wakamkuta na jipu kwenye gego.

Sasa tujiulize. Mgeni ajapo Tanzania kuwinda simba hukaa porini kwa safari ya siku 21, na gharama zake huwa makumi ya maelfu ya dola. Lakini simba anayemtaka ni dume mwenye manyoya mazuri, huko ndani ya pori. Simba anayeua watu mashambani si huyo. Kwa hiyo ni uongo kumwambia mwanakijiji kwamba mwindaji wa kigeni amekuja kumwokoa na simba. Na mwanakijiji akiuawa, Kanuni za mwaka 2011 ziliwawekea jamaa zake kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Jina hilo limechaguliwa vema, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiita fidia. Simba aliyekufa analeta dola nyingi. Mtu aliyekufa analeta shilingi chache, tena baada ya barua na safari nyingi za kwenda wilayani. Mwanakijiji ajuaye hesabu hizo mbili atampenda simba kwa sababu gani?

Hata kwa upande wa wanyama wenyewe, kufungua mahali papya kwahitaji elimu kuliko haraka. Simba dume akiuawa angali kijana, madume wageni huingia katika kundi lake na kuwaua watoto aliowaacha. Risasi moja, basi, huweza kuangusha simba wengi. Ndiyo maana Tanzania iliweka sharti kwamba simba asipigwe kabla ya kufikia umri wa miaka sita, maana akifikia hapo huwa amekwisha kulea watoto wake wa kwanza. Sharti hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini kwa ndovu umri una maana nyingine. Ndovu dume mwenye pembe kubwa ni mzee wa miaka 40 au zaidi, na huo ndio wakati anapopata watoto kwa wingi. Tena ndovu kama huyo huonwa na watalii maelfu, mwaka baada ya mwaka, na kila mmoja hulipa. Mwindaji humlipia mara moja tu, kisha hayupo tena. Palipo na wachache wa namna hiyo, kuwapiga si biashara nzuri hata kwa mfanyabiashara.

Sisi hatuombi uwindaji ufutwe. Tanzania iliwahi kuufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na tangu hapo umekuwa sehemu ya mapato ya nchi. Yako mapori makavu yenye mbung'o, ambako mtalii mwenye kamera haendi. Mwindaji akiondoka huko, anayeingia si mtalii bali jangili. Tunachosema ni kwamba mahali papya pasifunguliwe mpaka mambo manne yatimizwe.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji uambiwe kwa lugha nyepesi ni wanyama gani watakaowindwa, wangapi, wapi, na kwa malipo gani. Na ukikataa, kukataa kwake kuheshimiwe. Pili, palipo na wanyama wanaovuka mpaka, mapatano na nchi jirani yaandikwe. Mapatano ya mdomo hufa pamoja na waliyoyasema, na mambo ya Enduimet ni ushahidi. Tatu, mgawo wa kijiji ufike katika mwaka ule ule wa kuwinda, nayo hesabu ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kila mwenye macho aisome. Nne, kifuta machozi kitoke katika fedha hizo hizo za uwindaji, kitoke upesi, na kiwe kiasi ambacho mtu hataona haya kukitamka mbele ya mjane.

Hayo si ndoto. Namibia ilirekebisha sheria yake mwaka 1996, ikawapa watu wa vijijini haki juu ya wanyama wa ardhi yao na juu ya malipo ya wawindaji. Huko, jumuiya za vijiji ndizo zinazopatana na wawindaji, zikaajiri walinzi wao wenyewe. Wana matatizo yao, hasa wakati wa ukame. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba jirani hakuulizwa.

Watasema wengine kwamba masharti haya yatamfukuza mgeni. Tunawajibu kwamba mgeni huyo hafukuzwi na mwanakijiji. Mwezi Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa pembe za ndovu waliowindwa Tanzania, na katika miaka iliyofuata vitalu vingi vilirudishwa Serikalini kwa kukosa wawindaji. Neno moja lililosemwa Washington lilitikisa mapori yetu. Biashara inayosimama juu ya mguu mmoja ulio ng'ambo ya bahari haina budi kupata mguu wa pili hapa nyumbani, na mguu huo ni mwanakijiji.

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha, akaahidi mbele ya ulimwengu kwamba tutawatunza wanyama wa porini kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Ahadi ilitolewa kwa jina la taifa zima, lakini mzigo wake haukubebwa na taifa zima. Ulibebwa na mtu wa Rufiji, wa Liwale, wa Tunduru na wa Longido: yule aliyelala juu ya dungu.

Basi ndugu zetu wenye kalamu na ramani, kabla ya kuchora kitalu kipya, shukeni kwanza mkamwulize mtu huyo. Mgeni na aje, tutampokea. Lakini siku atakapofunga mizigo yake na kupanda ndege, na ionekane kwa macho kwamba mwenyeji naye amepona.