Lua ni lugha ya watoto? Nani kasema?

Bandugu na dada zangu, hii maneno ya "Lua ni lugha ya watoto wa Roblox" imesemwa wiki nzima, tangu tulipopendekeza tuanze nayo kwenye darasa la Jumamosi. Na wanaoisema kwa nguvu hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Lua. Wameona mahali orodha ya lugha kumi bora, Lua haimo, basi, hukumu imetoka.

Tuanze na hizo orodha. Ile maarufu, TIOBE, inaangalia jina la lugha linatokea mara ngapi kwenye injini za kutafuta. Haihesabu programu zinazofanya kazi. Yaani inapima kelele tu. Na Lua haina kelele: ilitengenezwa ikae ndani ya programu nyingine, mara nyingi iliyoandikwa kwa C, halafu sifa anachukua mwenye nyumba. Zile moduli zinazopanga majedwali ya pembeni kwenye kurasa nyingi za Wikipedia ni Lua, tangu 2013. Adobe Lightroom ya wapiga picha, sehemu kubwa ya kodi yake ni Lua. Mafundi wa mtandao wanaiongezea Wireshark uwezo kwa Lua. Nani kati yenu aliwahi kuona jina lake pale? Chumvi haitajwi kwenye jina la mboga, lakini jaribu kuiacha uone. Hata hiyo Roblox mnayoitaja kama tusi inatumia Luau, lugha iliyotokana na Lua, na kuna watu wazima wanalipwa kuiandika.

Kuna aliyesema, "Lugha ya Brazili, nani anaijua?" Hapo ndipo mnaniudhi kweli. Lua ilizaliwa 1993 Rio de Janeiro, katika chuo kikuu cha PUC-Rio, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kuanzia 1977 hadi 1992 Brazili ilikuwa imewekea vizuizi vikali kompyuta na programu za kutoka nje, kwa hiyo watu walizoea kujitengenezea zana zao. Mteja wao mkubwa alikuwa kampuni ya mafuta, Petrobras, na watumiaji walikuwa wahandisi, si watu wa kompyuta. Ndiyo maana lugha ikawa nyepesi. Iliyotangulia iliitwa SOL, yaani jua kwa Kireno. Iliyofuata wakaiita Lua, mwezi. Sisi tunaoulizwa karatasi kila mlango, leo tunaiuliza lugha karatasi yake?

Sasa mambo ya mfukoni. Kifurushi chote cha Lua 5.4, pamoja na kitabu chake cha maelezo, hakifiki KB 400 kukipakua. Cha Python kwa Windows kinapita MB 20. Python ni nzuri, mimi mwenyewe naiandika, sina ugomvi nayo. Lakini kozi tuliyoletewa mwaka jana ilitaka kila mtu awe na kompyuta ya RAM GB 8. Waliomaliza ni wale wenye ndugu mjini wa kuwaazima laptopu. Wengine, na wasichana karibu wote, waliishia kutazama mgongo wa aliyekaa mbele. Lua inakubali kwenye simu kwa Termux, hata ile simu ya mama inayozunguka nyumba nzima, na bando la siku moja linatosha kabisa.

Mnacheka pia eti inahesabu kuanzia 1. Kwenye C sifuri ina maana, kwa sababu namba ile ni umbali kutoka mwanzo wa safu kwenye kumbukumbu. Lakini mwanafunzi wa siku ya kwanza anajali nini? Kwenye foleni ya mgao hakuna mtu aliyewahi kuwa namba sifuri, bana.

Kasoro zipo. Ukisahau kuandika local mbele ya jina, thamani yake inaonekana programu nzima, na hitilafu yake utaitafuta mpaka usiku. Maktaba ni chache. Matangazo ya kazi yanayotaja Lua ni machache pia, kwa hiyo anayetafuta kazi ya mwezi ujao asianzie hapa. Lakini darasa letu limejaa watoto wa sekondari! Wanachohitaji sasa ni kujua namna ya kurudia hatua, kuchagua njia, na kukata kazi kubwa kuwa fankisheni ndogo ndogo. Hayo wakiyashika, Python wataisoma baadaye bila kulia.

Jumamosi saa tatu asubuhi. Faili zote ninazo kwenye fleshi, hamna haja ya bando. Anayepinga naye aje, tutamsikiliza, ila aje ameandika mistari kumi kwanza.